Hodi Kwenye Seng'enge: Nani Anamudu Kuwinda?

Kuna hesabu moja ya William Blackstone, yule mwanasheria wa Kiingereza wa karne ya 18, ambayo kila nikikutana nayo nacheka kwanza, halafu nakereka. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu sheria za Uingereza alisema kwamba kwao mtu alihitaji mali mara 50 zaidi ili aruhusiwe kumuua kwale kuliko aliyohitaji ili kumpigia kura mbunge wa jimbo. Wala hakuwa anatia chumvi. Mpiga kura wa mashambani alitakiwa awe na ardhi yenye kumwingizia shilingi 40 kwa mwaka, yaani pauni 2. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1671 ilimtaka mwindaji awe na ardhi yake yenye kumwingizia pauni 100 kwa mwaka, au ya kupanga kwa miaka 99 na kuendelea yenye kuingiza pauni 150. Chukua 100, gawanya kwa 2, unapata jibu la Blackstone.

Sasa ona inavyouma. Mkulima ana shamba lake halali, linampa pauni 60 kwa mwaka. Asubuhi anamkuta sungura anatafuna ngano yake. Haruhusiwi kumgusa. Bwana mkubwa wa kijiji cha pili, mwenye pauni zake 100, anaruhusiwa kuwinda. Sheria haikumuuliza mkulima shamba ni la nani, ilimuuliza yeye ni mtu wa daraja gani.

Mimi si mwindaji. Babu yangu mzaa mama ndiye alikuwa na gobore, na nyama ya porini kwao iliitwa kitoweo tu, kama dagaa. Habari hizi nimezifikia kupitia vitabu, hasa kitabu cha E. P. Thompson kiitwacho Whigs and Hunters, kilichotoka 1975. Kinahusu sheria ya mwaka 1723 iliyowanyonga watu waliojipaka masizi usoni na kuingia usiku kwenye misitu ya wakubwa kuwinda kulungu. (Kulungu wa huko ni yule ambaye wasomaji wa Zaburi kwa Kiswahili wanamjua kwa jina la ayala.) Nilianza kukisoma nikidhani ni kitabu cha sheria. Nikakuta ni kitabu cha njaa, heshima na uzio. Tangu hapo swali moja limekuwa likinifuata: mnyama wa porini hana mwenyewe, lakini anasimama juu ya ardhi yenye mwenyewe. Je, asiye na ardhi atamfikiaje, na kwa bei gani?

Waingereza walijibu swali hilo kwa ukali kwa muda mrefu sana. Tayari mwaka 1389, miaka michache tu baada ya uasi mkubwa wa wakulima, Bunge lilikuwa limewakataza watu wenye pato la chini ya shilingi 40 kufuga mbwa wa kuwindia. Hofu haikuwa juu ya sungura pekee. Wakubwa waliogopa watu wanaokusanyika porini na mbwa na silaha kwa kisingizio cha kuwinda. Mwaka 1828 ikaja sheria nyingine: ukikamatwa mara ya tatu unawinda usiku kwenye ardhi ya mtu, unaweza kusafirishwa ng'ambo kama mhalifu kwa miaka 7. Kwa ajili ya sungura!

Halafu mwaka 1831 mambo yakalegezwa. Sharti la mali likafutwa. Mtu yeyote akaweza kulipia leseni na kuwinda, na nyama ile ikaruhusiwa kuuzwa sokoni kwa utaratibu. Ukisoma haraka utasema, haya, haki imepatikana. Lakini soma tena. Leseni iko dukani, ardhi je? Haki ya kuwinda juu ya shamba ilibaki ya mwenye shamba, na mara nyingi aliyekodisha ardhi yake kwa mkulima alijibakizia haki hiyo mwenyewe kwenye mkataba. Ilibidi kusubiri hadi 1880 ndipo mpangaji akapewa haki isiyoweza kuondolewa ya kuua sungura waliokula mazao yake. Kwa hiyo mlango wa mbele ulifunguliwa kwa shangwe, na ndani kila chumba kikawa na kufuli yake. Mtu aliyekuwa amezuiwa na sheria sasa alizuiwa na bei.

Wale waliovuka bahari kwenda Marekani walikuwa na kumbukumbu ya haya yote, na hapa ndipo historia inapopata utamu. Mwaka 1776, walipokuwa wakiandika katiba ya Pennsylvania, waliweka kifungu cha 43 kinachowapa wakazi uhuru wa kuwinda ndege na wanyama, kwa majira yanayofaa, kwenye ardhi zao na kwenye ardhi nyingine zote zisizozungushiwa uzio. Vermont nao wakafanya hivyo mwaka 1777. Fikiria maana yake. Mwenye ardhi asiyetaka wageni ndiye anayebeba gharama: ajenge uzio. Asipojenga, amekaribisha. Bei ya kuingia ni sifuri.

Na huo haukuwa utani wa wanasiasa wa mapinduzi. Karibu miaka 150 baadaye, mwaka 1922, jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama Kuu ya Marekani aliandika, katika kesi ya watu waliookota kome Missouri, kwamba kuna sehemu nyingi za nchi ambako ardhi pana isiyolimwa na isiyo na uzio huachwa watu wazurure, wapige bunduki na wavue hadi mwenyewe atakapoona vema kuwakataza. Alikuwa anaeleza desturi. Ni kama hodi ya kwetu kinyume chake: umekaribishwa mpaka usikie sauti ikisema usiingie.

Lakini desturi ina mipaka ya nani anahesabiwa kuwa mtu. Baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865, watu weusi wa majimbo ya Kusini walitoka utumwani bila ardhi, bila fedha, ila wengi walijua mitego, mbwa na mito. Mwanahistoria Steven Hahn ameandika vizuri juu ya hili. Mtu anayeweza kupata kitoweo porini na samaki mtoni hana haraka ya kukubali ujira wa kijinga kwenye shamba la pamba. Wenye mashamba waliliona hilo upesi. Mississippi mwaka huohuo wa 1865 ikatunga sheria ya kumkataza mtu aliyetoka utumwani kuwa na bunduki bila kibali. Sehemu nyingine zikaja kodi za bunduki na za mbwa, sheria za kuingia ardhi ya mtu bila ruhusa, sheria za uzio. Pori lilelile ambalo lilikuwa wazi kwa mzungu maskini wa jana likaanza kufungwa, na yeye pia akajikuta nje. Nadhani hii ndiyo sehemu ya historia ambayo wapenzi wa uwindaji huko hawapendi kuikaa nayo. Wanapenda kusimulia katiba ya Pennsylvania. Ningependa wasimulie na Mississippi.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 sheria ya Marekani ilikuwa imekaa katika hali ya ajabu kidogo. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ilisema, katika kesi kutoka Connecticut, kwamba wanyama wa porini ni mali ya watu wote, serikali ya jimbo inawashika kwa niaba yao. (Uamuzi huo ulitenguliwa mwaka 1979, lakini wazo kwamba dola inawatunza kwa ajili ya umma halikufa.) Sawa. Mnyama ni wangu na wako. Ila akiruka seng'enge na kuingia shamba la Bwana Fulani, bado ni wetu, sisi tu ndio hatuwezi kumfuata.

Jimbo linaloonyesha hali hii waziwazi ni Texas, ambako zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi. Huko kulikua soko zima la kukodisha haki ya kuwinda. Kundi la marafiki hukodi ranchi kwa msimu au kwa mwaka, kwa bei ya ekari. Tuseme, kwa mfano tu, ekari 1,000 kwa dola 10 kila moja, watu 8: kila mtu anatoa dola 1,250 kabla hajanunua hata risasi. Kwa daktari si kitu. Kwa fundi wa magari mwenye watoto watatu, huo ni mchezo wa kutazama kwenye televisheni. Na ranchi ikishakodiwa na kundi moja, lango limefungwa kwa wengine wote mwaka mzima.

Simlaumu mwenye ranchi. Mvua isiponyesha na bei ya ng'ombe ikianguka, fedha za wawindaji zinaweza kuwa ndizo zinazolipa kodi ya ardhi. Tena ana sababu ya kuacha vichaka na maji, maana bila vichaka hakuna kulungu. Hoja hiyo ina nguvu, na wanaoipuuza hawajawahi kulipa kodi ya ardhi.

Kuna kitu kingine kinachopandisha bei ambacho sikukitegemea: kesi. Mgeni akiteleza kwenye shimo la shamba lako akavunjika mguu, nani analipa? Mwaka 1965 ilitolewa sheria ya mfano ambayo majimbo mengi yaliichukua na kuirekebisha. Inasema mwenye ardhi akiwaruhusu watu waingie bure kwa burudani, dhima yake inapungua sana. Akitoza ada, kwa kawaida kinga hiyo inaondoka. Nia ilikuwa nzuri kabisa, kuhimiza ukarimu. Lakini angalia ilichofanya katikati. Mzee anayetaka kutoza dola 15 tu kwa siku, apate ya mafuta ya trekta, anajikuta amepoteza kinga kwa ajili ya dola 15. Basi ama anakaribisha bure, ama anakodisha kwa bei kubwa inayotosha kulipia bima. Bei ya kati, ile ambayo fundi wetu wa magari angeimudu, ndiyo inayokufa. Majimbo mengine yamerekebisha, yakaruhusu ada ndogo bila kupoteza kinga. Kwangu mimi hilo ni jambo dogo lenye maana kuliko hotuba nyingi.

Msomaji wa fasihi anamjua Aldo Leopold kwa A Sand County Almanac, kilichotoka 1949, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Wengi wetu tumemsoma kama mzee wa falsafa ya ardhi. Tunasahau kwamba alikuwa mwindaji, na kwamba kwa miaka mingi alisumbuliwa na swali hili hili la lango. Mwaka 1930 aliongoza kamati iliyoandika sera ya wanyama wa kuwindwa ya Marekani, na ndani yake kulikuwa na jambo lililowaudhi baadhi ya wenzake: mkulima ndiye mwenye ufunguo, na lazima alipwe kwa namna fulani, vinginevyo atafunga lango au ataacha makazi ya ndege yafe. Wengi waliona hiyo ni kurudi Ulaya, kwa mabwana na mashamba yao. Leopold alijibu, kwa ufupi, kwamba kufumba macho hakutamfanya mkulima apande vichaka.

Kisha akajaribu. Mwaka 1931, karibu na kijiji cha Riley, Wisconsin, yeye na mkulima mmoja wakaanzisha ushirika. Wakulima kadhaa wakatoa ardhi na sehemu kubwa ya kazi: kupanda vichaka, kuwaachia ndege pembe za shamba, kuwalisha wakati wa theluji. Watu wachache wa mjini wakabeba gharama za fedha. Wote wakawinda, kwa kiasi walichokubaliana. Ulidumu zaidi ya miaka 15. Napenda kwamba haukuanza na falsafa. Ulianza na mtu wa mjini anayetafuta mahali pa kuwinda na mkulima aliyechoshwa na wageni wanaoacha malango wazi. Kila mmoja alikuwa na shida, na shida zikakutana.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Ushirika wa Riley ulikuwa mdogo, wa watu waliojuana. Mpita njia hakuwa na nafasi. Ukiugeuza kidogo tu, unakuwa klabu, na klabu ina mlinzi mlangoni. Leopold alipunguza bei kwa kuibadilisha kuwa uhusiano, na uhusiano nao ni mali ambayo si kila mtu anayo. Mgeni aliyehamia juzi, anayezungumza kwa lafudhi, ambaye rangi yake inamfanya afikirie mara mbili kabla ya kubisha mlango wa nyumba ya shambani akiwa na bunduki kwenye gari: yeye atasema hodi kwa nani?

Hapo ndipo serikali za majimbo zilipoingia, kimyakimya, bila mwandishi maarufu wa kuzisimulia. Montana ilianza mwaka 1985: mkulima anaandikisha ardhi yake kwenye mpango wa jimbo, wawindaji wanaingia bure, jimbo linamlipa mkulima fidia kwa usumbufu. Miaka kumi baadaye mpango ukapanuliwa sana, na sehemu kubwa ya fedha ikatoka kwenye leseni za wawindaji wa nje ya jimbo, ambao hulipa ghali zaidi. Yaani tajiri anayeruka kutoka mbali kuja kuwinda elki anamlipia kijana wa Billings. Kansas ilianza mwaka 1995 na ekari kama 10,000. Chini ya miaka kumi baadaye zilikuwa zimepita milioni 1. Texas yenyewe, pamoja na soko lake lote, inauza kibali cha mwaka cha dola 48 kinachofungua ardhi za umma na pia mashamba binafsi ambayo jimbo limeyakodi. Mwaka 2008 Bunge la taifa likaweka dola milioni 50 kwenye sheria ya kilimo kusaidia majimbo yenye mipango ya namna hii.

Ubaya upo. Mkulima mwenye bonde lenye elki wakubwa anaweza kupata zaidi kwa kampuni ya kuongoza wageni kuliko kwa jimbo, kwa hiyo ardhi inayobaki kwa mpango wa umma si lazima iwe ile bora. Na kuna walalamikaji wanaouliza, kwa nini fedha zetu zimlipe mtu ili atuonyeshe wanyama wetu? Swali hilo lina haki yake. Jibu langu ni kwamba halipwi kwa mnyama. Analipwa kwa lango lililoachwa wazi, njia iliyoharibiwa na magari, mbwa aliyebweka alfajiri. Vitu hivyo vina gharama, na asipolipwa yeye, gharama haziondoki, zinageuka kuwa bango la kukataza kuingia.

Wyoming wanapambana na mkanganyiko mwingine kabisa. Serikali ya Marekani iligawa ardhi kwa kampuni za reli kuanzia miaka ya 1860 kwa miraba ya maili moja kila upande, mmoja wa kampuni, mmoja wa umma, kama ubao wa drafti. Matokeo yake miraba ya umma hugusana kwenye kona tu. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri waliweka ngazi juu ya kona, wakapanda upande huu na kushuka upande ule, bila kukanyaga udongo wa mtu. Walishtakiwa kwa kupita hewani. Baraza la wazee wa mahakama likawaachia mwaka 2022, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawapa ushindi kwenye kesi ya madai pia, ikitegemea sheria ya mwaka 1885 inayokataza kuwazuia watu kufika ardhi ya umma. Nimesoma maelezo ya ile ngazi mara kadhaa. Blackstone angeifurahia.

Msomaji wa Tanzania ataniuliza, sisi tunahusikaje? Kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na uwindaji unaendeshwa kwa vibali na vitalu, kwa hiyo swali linakuja kwa sura nyingine. Ila tusisahau kwamba wazo la Kiingereza la mwindaji muungwana na mwindaji mwizi lilisafiri hadi huku. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwaka 1909, na yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512, kwa leseni na kwa heshima zote. Neno letu safari lilienea duniani likiwa limebebwa na misafara kama ule. Mwafrika aliyetegea swala kwa ajili ya sufuria ya nyumbani aliitwa jangili. Gobore la babu lilikaa darini, limefungwa kwenye gunia, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kulitaja mbele ya mgeni.

Montana, pembeni mwa mashamba mengi yaliyomo kwenye mpango, kuna kisanduku kwenye nguzo. Hakuna mlinzi. Unafungua, unachukua kikaratasi, unaandika jina lako na tarehe, unakidumbukiza, unaingia. Mwisho wa msimu vikaratasi vinahesabiwa. Kila kimoja ni siku moja ya mwindaji mmoja, na kwa hesabu hiyo mwenye shamba analipwa.